MBA kwa Meneja wa Gusii: Kiti Kwanza, Kisha Mkondo, Chuo Mwisho

Meneja wa kaunti za Gusii, yaani Kisii au Nyamira, akitangaza kwamba anataka kusoma MBA, swali la kwanza atakaloulizwa ni, "Utasomea wapi?" La pili ni karo. Maswali yote mawili yana uzito, ila yanakuja mapema mno. Kabla ya chuo kuna mkondo, yaani eneo la kubobea ndani ya MBA, na kabla ya mkondo kuna kiti, yaani kazi hasa unayotaka shahada hiyo ikufikishe. Anayeanzia kwenye chuo huchukua mkondo uliokuwa na nafasi, akaandika tasnifu juu ya kampuni asiyoijua, kisha akahitimu na kukuta tangazo la kazi linadai kitu kingine kabisa. Tuanzie basi kwenye kiti.

1. Taja kiti kwa jina

Andika kwenye karatasi cheo unachokitaka ndani ya miaka mitano ijayo. "Kupanda cheo" halitoshi kuwa jibu. "Meneja wa kiwanda cha chai", "mkuu wa fedha katika sacco", "mkurugenzi wa ununuzi katika kaunti", "msimamizi wa hospitali" ni majibu. Kisha tafuta angalau matangazo matatu ya kazi ya aina hiyo, hata kama muda wake umepita, uyasome mstari kwa mstari. Angalia mambo manne: shahada inayodaiwa, fani yake, uanachama wa kitaaluma na miaka ya uzoefu.

Tofauti utaziona mara moja. Katika utumishi wa umma, ngazi za ukurugenzi mara nyingi hudai shahada ya uzamili katika fani inayohusika, na juu yake cheti cha kozi ya uongozi wa kimkakati isiyopungua wiki 6, ile inayotolewa na Chuo cha Mafunzo ya Serikali, KSG. Mwenye MBA nzuri asiye na cheti hicho anaweza kupitwa na mwenzake aliye navyo vyote viwili. Kwa upande mwingine, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamtaka waziri wa kaunti awe na shahada ya kwanza na uzoefu wa miaka isiyopungua 5. MBA itapendezesha wasifu wake, lakini sheria haiidai. Mwalimu mkuu naye asome miongozo ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, ya kupandishwa vyeo kabla ya kulipa hata shilingi, kwa sababu huenda uzamili katika usimamizi wa elimu ukamfaa kuliko wa biashara.

Ukiwa unaendesha biashara yako mwenyewe, hakuna atakayekuuliza cheti. Hapo kiti ni hali ya biashara yako miaka mitano ijayo, na huenda kozi fupi ya hesabu za biashara na kodi ikakufaa kuliko miaka miwili ya darasani.

2. Unahitaji shahada au leseni?

Hili ndilo kosa linalogharimu zaidi. Kuna kazi nchini Kenya ambazo mlango wake unafunguliwa na leseni ya taaluma, na MBA haiwezi kuchukua nafasi hiyo.

Mhasibu anayetaka kuongoza idara ya fedha anahitaji CPA ya Kasneb na uanachama wa ICPAK, taasisi ya wahasibu. Ofisa wa ununuzi anabanwa na Sheria ya Usimamizi wa Wataalamu wa Ugavi ya 2007, inayomtaka asajiliwe na KISM, taasisi ya wataalamu wa ugavi, na awe na leseni ya kufanya kazi. Ofisa wa rasilimali watu ana sheria yake ya mwaka 2012 na taasisi yake, IHRM. Ukikalia mojawapo ya viti hivi na leseni bado huna, malizia leseni kwanza. Mara nyingi ni nafuu kwa karo, unaweza kuisomea ukiwa Suneka au Nyansiongo, na tangazo la kazi huitaja kwa jina.

MBA humfaa zaidi mtu wa aina mbili. Wa kwanza ni mtaalamu aliyekwisha kupata leseni yake na sasa anapewa watu, bajeti na mipango ya kuendesha. Wa pili ni aliyeingia katika umeneja kutoka fani nyingine: muuguzi anayesimamia hospitali, mwanakilimo anayesimamia kiwanda, mhandisi wa maji anayesimamia wateja na madeni. Hawa wanajua kazi ya mikono yao vizuri. Kinachowapungukia ni lugha ya mizania, mkataba na mkakati.

3. Mkondo ufuate tatizo lililo mezani kwako

Vyuo vingi hutoa mikondo inayofanana: fedha, uhasibu, masoko, rasilimali watu, ununuzi na ugavi, ujasiriamali, mifumo ya habari, na usimamizi wa kimkakati. Huu wa mwisho huwavuta wengi kwa sababu jina lake linasikika kama cheo. Una faida yake kwa mtu anayekaribia kiti cha juu kabisa. Kwa meneja wa ngazi ya kati, mkondo wenye zana maalumu humpa kitu cha kuonyesha Jumatatu asubuhi. Tazama sekta zinazobeba uchumi wa Gusii, kila moja na shida zake.

*Chai.* Viwanda vya KTDA, wakala wa chai ya wakulima wadogo, vimeenea kaunti zote mbili: Nyansiongo, Kebirigo, Tombe, Sanganyi na Gianchore upande wa Nyamira, Kiamokama, Nyamache, Ogembo na Itumbe upande wa Kisii. Sehemu kubwa ya chai huuzwa kwa mnada wa Mombasa kwa dola, ilhali mkulima hulipwa kwa shilingi, kidogo kila mwezi na kilichosalia kikaja kama bonasi. Kati ya mauzo na malipo kuna kuni, umeme, mikopo ya kiwanda na thamani ya shilingi. Anayesimamia hesabu hizi achukue fedha. Anayesimamia vituo vya kupokea majani na malori ya kuyabeba achukue ugavi. Anayehangaika na wakulima wanaouza majani kwa madalali wa soko huru ana swali la masoko na mahusiano: kwa nini mtu akubali pesa kidogo leo na kuacha bonasi ya kesho? Bonasi ya viwanda vya magharibi mwa Bonde la Ufa imekuwa chini kuliko ya mashariki, na meneja anayeweza kuwaeleza wakulima sababu zake kwa tarakimu, kisha akapendekeza la kufanya, hatakosa wa kumsikiliza.

*Sacco.* Gusii Mwalimu na Wakenya Pamoja ni majina yanayojulikana, na nyuma yake kuna vyama vingi vidogo. Sacco inayopokea amana husimamiwa na mamlaka ya sacco, SASRA, na kanuni za 2010 zinadai mtaji wa msingi usiopungua shilingi milioni 10, mtaji huo usiwe chini ya asilimia 10 ya mali yote, na ukwasi usiopungua asilimia 15. Meneja wa tawi la Keroka au Ogembo asiyeweza kuzisoma tarakimu hizi hawezi kuketi na bodi kwa utulivu. Hapa fedha ndio mkondo, na usimamizi wa hatari za mikopo ndio kiini chake. Ukiona programu ya fedha inayozungumzia soko la hisa tu bila mikopo midogo na mikopo isiyolipika, itazame tena.

*Afya.* Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii na ile ya kaunti ya Nyamira zinaendeshwa na watu waliosomea tiba. Mambo mawili yamebadilisha kazi yao: Sheria ya 2023 inayoruhusu vituo vya afya vya umma kubaki na mapato yake na kuyatumia, na kuingia kwa Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, badala ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Malipo ya madai yakicheleweshwa, dawa hazinunuliwi. Ukiwa unasimamia hospitali, linganisha MBA yenye mkondo wa usimamizi wa afya na uzamili katika afya ya umma. Wa kwanza unakufunza kuendesha taasisi, wa pili kuangalia afya ya watu wote wa eneo. Tangazo la kiti chako litakuambia upi unatakiwa.

*Kaunti.* Anayefanya kazi serikalini huishi ndani ya Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 na ile ya Ununuzi na Uuzaji wa Mali ya Umma ya 2015. Kanuni zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, na maendeleo yapate angalau asilimia 30 ya bajeti. MBA ya kawaida huzungumza lugha ya faida. Ukiwa na nia ya kubaki serikalini, uliza kama uzamili katika utawala wa umma au sera za umma hautakufaa zaidi. Ukichukua MBA, hakikisha una somo la fedha za umma miongoni mwa masomo ya hiari. Kampuni ya maji ya Gusii, GWASCO, iko katikati: ni ya umma, lakini inaishi kwa bili. Meneja wake anahitaji fedha na mifumo ya habari, maana maji yanayopotea bila kulipiwa ni shida ya mabomba na ya takwimu pia.

*Biashara na bidhaa za shamba.* Wachongaji wa mawe ya Tabaka wana ustadi uliowafikisha masoko ya ng'ambo, lakini bei mara nyingi huamuliwa na aliye katikati. Ndizi za Kisii hupakiwa malori kuelekea miji mikubwa zikiwa na thamani ndogo tu iliyoongezwa. Kwa anayesimamia ushirika, ghala au kampuni ya kuuza nje, masoko na ujasiriamali vina kazi ya kufanya.

Kama umesoma haya na hujajiona popote, jiulize swali moja: ni jambo gani bosi wako hukuita ofisini kulizungumza kila mwezi? Mkondo wako una jamaa na jambo hilo.

4. Jipime kwa utafiti kabla ya kujisajili

Masomo ya darasani wengi huyamaliza. Hukwama kwenye utafiti. Pendekezo linarudishwa, msimamizi hapatikani, kampuni inakataa kutoa takwimu, na shahada ya miaka miwili inavutwa hadi minne. Kwa hiyo kigezo kizuri cha kuchagua mkondo ni hiki: ni katika mkondo gani una takwimu unazoweza kuzifikia kihalali?

Kabla ya kujaza fomu, andika swali lako la utafiti kwa sentensi mbili, kisha mwendee mkuu wako umwulize kama taasisi itakuruhusu. Mfano wa swali zuri: "Muda wa kusubiri malipo una uhusiano gani na uamuzi wa wakulima wa vituo fulani vya Kebirigo kuuza majani kwa madalali?" Mfano wa swali litakalokusumbua: "Athari za mikakati ya ushindani kwa utendaji wa kampuni nchini Kenya." La kwanza unaweza kulijibu kwa kuzunguka vituo vichache. La pili halina mwanzo wala mwisho.

Kumbuka pia kwamba ukusanyaji wa takwimu unahitaji kibali cha tume ya sayansi na utafiti, NACOSTI, na kwamba vyuo vingine hudai makala iliyochapishwa katika jarida kabla ya kuhitimu. Uliza mapema. Na usikubali kuandikiwa tasnifu. Wapo wanaoifanya biashara hiyo hadharani, lakini siku ya kuitetea utasimama mwenyewe mbele ya jopo, na baadaye utakaa kwenye usaili na mtu atakayekuuliza ulipata nini. Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kwamba ukaguzi wake umenasa vyeti bandia zaidi ya 2,000 vya watumishi. Siku hizi makaratasi yanafuatiliwa.

5. Sasa chuo

Karibu zaidi ni Chuo Kikuu cha Kisii, kilichopata hati yake ya kujitegemea mwaka 2013 baada ya kulelewa na Egerton. Ukitoka mbali kidogo kuna Rongo kaunti ya Migori, Kabianga kaunti ya Kericho, na Maseno upande wa Kisumu. Nairobi ina vyuo vingi zaidi, vya umma na vya kibinafsi, pamoja na MBA za wakurugenzi zinazokutanisha watu wa makampuni makubwa.

Usilinganishe majina kabla ya kulinganisha barabara. Kisii hadi Nairobi ni takriban kilomita 300 kupitia Keroka, Sotik na Narok. Ukisafiri mara mbili kwa mwezi, miezi minane kwa mwaka, kwa miaka miwili, ni safari 32, yaani zaidi ya kilomita 19,000 kwenda na kurudi. Kisumu ni kama kilomita 110, hivyo safari hizo hizo ni kilomita 7,000 hivi. Hesabu nauli, malazi, na uchovu wa kuingia kazini Jumatatu ukiwa umelala ndani ya basi. Masomo ya mtandaoni yanapunguza safari hizo, mradi uulize mitihani inafanyiwa wapi.

Nairobi inafaa lini? Pale kiti unachokitaka kipo Nairobi, au pale unapowahitaji wanafunzi wenzako kuliko mihadhara. Ukilenga kuongoza taasisi ya Gusii, darasa lenye mameneja wa sacco, hospitali na viwanda vya hapa litakupa marafiki utakaokutana nao kazini miaka ishirini ijayo.

Kisha kagua uhalali. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, huidhinisha vyuo na programu, na hukagua kampasi pia. Mwaka 2016 iliagiza Chuo Kikuu cha Kisii kifunge kampasi zake 10. Funzo lake ni kwamba chuo kuwa halali hakumaanishi kila tawi lake limepitishwa. Tafuta jina la programu yako na kampasi yako katika orodha ya Tume. Shahada ya kigeni, pamoja na zile za mtandaoni, itahitaji kutambuliwa rasmi hapa nchini kabla mwajiri wa umma hajaikubali, hivyo uliza kabla ya kulipa. Kwa shule za biashara za ng'ambo, lebo tatu zinazoheshimiwa ni AACSB, EQUIS na AMBA.

6. Karo na theluthi ya mshahara

Mali bila daftari huisha bila habari. Karo iliyo kwenye kijitabu cha chuo si gharama yote. Ongeza usajili, maktaba, mitihani, usimamizi wa tasnifu, kutetea, uchapaji, mahafali na nauli. Uliza pia kinachotozwa ukichelewa: vyuo vingi hutoza kila muhula wa ziada hata kama huna darasa.

Ukikopa, kumbuka Sheria ya Ajira hairuhusu makato yazidi theluthi mbili ya mshahara. Ukishakatwa kodi, SHIF ya asilimia 2.75, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, NSSF na mikopo ya zamani, huenda nafasi iliyobaki ikawa nyembamba. Mkopo wa sacco hutegemea akiba yako, mara nyingi hadi mara tatu yake, na wadhamini. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, HELB, nayo hukopesha waajiriwa wanaoendelea na masomo, kwa masharti tofauti na ya shahada ya kwanza. Kama bado unadaiwa mkopo wa shahada ya kwanza, umalize kwanza. Cheti cha HELB cha kutodaiwa huombwa na waajiri wengi wa umma.

Familia yenye shamba la chai iangalie kalenda. Bonasi huja takriban Oktoba, ilhali Januari karo za watoto humaliza kila kitu. Ukiweza, anza muhula wa Septemba na upange awamu kubwa ya kwanza ifuate bonasi. Halafu zungumza na mwajiri: hata asipokulipia karo, anaweza kukupa likizo ya mitihani au ruhusa ya Ijumaa mchana. Akikulipia, soma mkataba wa kumtumikia baada ya kuhitimu, na kiasi utakachorudisha ukiondoka.

7. Wikendi zako ni za nani?

Masomo ya wikendi yanasikika mepesi hadi ukumbuke kwamba katika Gusii wikendi ina wenyewe. Kuna mazishi, harambee, mikutano ya chama, kanisa la Jumamosi kwa Waadventista, na msimu wa tohara mwisho wa mwaka. Meneja asiyeonekana msibani huulizwa, na anayeonekana kila msiba hukosa mitihani. Lizungumze na mke au mume wako, wazazi na wazee wa ukoo kabla ya kuanza, na useme wazi ni misiba gani utahudhuria na ipi utatuma mchango. Kwa Mwadventista, uliza kama darasa la Jumamosi linaweza kubadilishwa kwa jioni au kwa mtandao. Saa kumi za kusoma kwa wiki, mbali na darasa, ni makadirio ya chini. Kama huwezi kuzitaja siku na saa zake, bado hujawa tayari.

8. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Nenda chuoni siku ya kazi, uonane na mkuu wa idara, na uulize:

- Mkondo wangu ulifundishwa mwaka jana, au upo kwenye kijitabu tu? Mkondo usio na wanafunzi wa kutosha huweza kuahirishwa.
- Walioanza miaka mitatu iliyopita ni wangapi, na wangapi wamehitimu?
- Msimamizi mmoja anawaongoza wanafunzi wangapi?
- Nani atanifundisha, na miongoni mwao yupo aliyewahi kuendesha taasisi?
- CPA au stashahada yangu ya uzamili itanipunguzia masomo?
- Daraja langu la shahada ya kwanza linatosha? Mara nyingi hudaiwa daraja la pili la juu, au la chini pamoja na uzoefu wa kazi.

Kisha watafute wahitimu wawili wa mkondo huo walio kazini, uwaulize kimebadilika nini katika kazi yao. Idara inayokwepa maswali haya imekujibu.

Baada ya hatua hizi zote, unaweza kugundua kwamba jibu lako ni "bado". Kama kiti hukijui, leseni haijaisha, au theluthi ya mshahara imekwisha kubanwa, mwaka mmoja wa kusubiri hautakupotezea kitu. Utumie kumalizia CPA au usajili wa KISM, kuweka akiba ya sacco, na kukusanya takwimu za shida ile ile inayokukera kazini. Utakapojisajili, utakuwa na mkondo, swali la utafiti na idhini ya bosi mkononi, na utakuwa umepunguza sehemu inayowachelewesha wengi.